Tosha Mukono

Nina vidole tisa. Mtu akiniuliza, namwambia nilibanwa na mlango wa treni nikiwa msichana wa shule, basi uso unambadilika, "Jamani, pole sana," na mimi naipokea pole yake bila haya. Nimezipokea pole hizo miaka na miaka. Sasa zimenichosha. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, halafu kama bado mnataka kunipa pole, nipeni.

Tuliishi Stratford, mashariki mwa London, mama na mimi, ghorofa ya sita kwenye jengo la halmashauri ambalo lifti yake ilifanya kazi siku ilizojisikia. Mama ni mtu wa Tanga, na mimi nilizaliwa hukohuko, nikaletwa huku nina miaka saba. Alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya alfajiri, kwa hiyo asubuhi nilijiamsha mwenyewe, nikajichemshia chai, nikafunga mlango, nikashuka kwenda kupanda treni ya chini ya ardhi. Vituo vitatu mpaka shule. Mtoto wa miaka kumi na minne, vituo vitatu, hana hata mtu mzima mmoja wa kumwambia kaa chini utulie. Mlitegemea nini?

Si kwamba watu wazima hawakuwemo. Walijaa tele, wamebanana, kila mmoja na vitu vyake masikioni. Watu wa London wana kipaji kimoja: anakutazama na hakuoni. Tungeweza kuchinja mbuzi mle ndani, wangenyanyua miguu tu damu isiwaguse viatu.

Nasema "tungeweza" kwa sababu nilikuwa na mwenzangu, msichana wa Mombasa, mrefu, na mdomo wake mrefu kuliko yeye. Huyo ndiye aliyekuwa fundi wa michezo yote. Tulianza na midogo. Kusimama katikati ya behewa bila kushika kitu, treni ikikata kona, wa kwanza kuyumba ameshindwa. Kuning'inia kwenye vyuma vya juu kutoka mlango mmoja hadi mwingine bila kugusa chini, tukiwapiga watu mateke ya bahati mbaya, na mengine si ya bahati mbaya. Kupanda mbio ngazi za umeme zinazoshuka. Kisha midogo ikatuchosha, tukaingia kwenye mlango.

Mchezo wa mlango ulikuwa hivi. Mmoja anatangulia ndani ya behewa, anageuka kutazama nje. Mwingine anabaki jukwaani, anajifanya kama vile treni haimhusu. Mlango unaanza kulia pi-pi-pi, unaanza kufunga. Hapo ndipo wa nje anatia mkono kwanza, halafu bega, halafu anapenya ubavuubavu kabla ule mlango haujakutana na mwenzake. Aliye ndani ndiye jicho. Anapima nafasi, anatoa hukumu. Kama unapita, anapiga kelele, "Watosha!" Kama hupiti, "Hutoshi!" na wewe unarudisha mkono haraka na kungoja treni inayofuata, na siku nzima unaitwa mnene.

Tulifanya kwa Kiswahili ili wengine wasielewe. Cha ajabu, Kiswahili hichohicho nyumbani nilikionea haya. Mama akinisemesha, namjibu kwa Kiingereza. "Nakusemesha lugha ya mama yako unanijibu lugha ya mwalimu wako," alikuwa akisema, "haya, kaolewe naye." Lakini ndani ya treni kilikuwa chetu, mimi na yule wa Mombasa, na kwa kuwa mlango haungoji sentensi, tulikikata mpaka likabaki neno moja. Tosha! Maana yake, nafasi ipo, ingia.

Halafu akaja msichana wa Kikongo.

Aliletwa darasani kwetu baada ya muhula kuanza. Yeye na mama yake walikuwa wametoka Bukavu, wakapitia mengi ambayo hakuwahi kunisimulia na sikuwahi kumuuliza, na sasa walikuwa wanangoja makaratasi, yaani serikali iamue kama watakaa au watarudishwa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokotaokota. Mwalimu akatupa jicho darasani, akanitazama mimi. Wewe unajua Kiswahili, kaa naye. Basi, nikawa mdomo wake. Hesabu hakuhitaji mdomo, alitupita sote, lakini kwingine kote nilimtafsiria, na nakiri nilipenda. Mtu akisema kwa kinywa chako, unajiona mkubwa.

Walikaa jengo la nyuma yetu, chumba kimoja na jiko. Siku ya kwanza aliyonipeleka kwao, mama yake alifungua mlango, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, kitenge kichwani. "Kuya, mutoto yangu. Ingia. Tosha biatu."

Nikatazama viatu vyangu. Vitoshe nini? Vilikuwa vinanitosha vizuri tu. Nikasema, "Vinatosha, mama, asante," nikataka kuingia navyo.

Yule mama alicheka hadi akashika ukuta. Binti yake naye akacheka. Kisha mama akainama mwenyewe, akanishika kisigino, akanivua kiatu kimoja, akakiinua mbele ya pua yangu. "Tosha," akasema. Akakiweka chini, akanivua cha pili. "Tosha. Unasikia sasa?"

Nikaelewa. Kwao kutosha ni kutoa. Tangu siku hiyo ikawa utani wetu, mimi na binti yake. Tosha koti. Tosha kitabu. Mwalimu akisema toeni kalamu, nachungulia upande wake, anachungulia upande wangu, tunajizuia kucheka. Nilikula kwao mara nyingi sana, ugali na sombe, ambayo ni kisamvu chetu hichohicho, na kila nilipoingia niliambiwa neno hilo mlangoni. Nataka mlikumbuke hili, maana baadaye nilijifanya nimelisahau.

Mama yangu mimi hakuwapenda. Hawakumkosea kitu, ni Kiswahili chao tu. "Hao wanasema au wanachapia?" alikuwa akiniuliza. "Biatu, bitu, mukono! Kiswahili kimezaliwa kwetu, mwanangu, wao wamekiokota njiani kimevunjika." Watu wa pwani tuna ugonjwa huo. Hata ukitupeleka London tukaosha wazee wa watu miaka ishirini, tukimsikia Mkongo anazungumza tunajikuta waungwana.

Kwenye treni yule msichana alipanda nasi, ila hakucheza. Alishika mabegi. Tukimwita mwoga anatabasamu na kuyakumbatia mabegi vizuri zaidi. Mama yake alikuwa amemwambia jambo moja tu kuhusu nchi hii: usifanye kitu cha kuandikwa. Jina lako likiandikwa mahali pabaya, makaratasi yetu yameharibika. Aliniambia hivyo mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekueleza kwamba hali nyama ya nguruwe.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Yule wa Mombasa alikuwa kitandani na mafua, kwa hiyo sikuwa na jicho. Ningeweza kuacha. Lakini ndani ya behewa walikuwa wamesimama wasichana watatu wa darasa la juu yetu, wakubwa, wenye kucha na nyusi, na siku iliyotangulia mmoja wao alikuwa ameniambia, mbele za watu, kwamba kibonge kama mimi hawezi kupenya hata mlango wa kanisa. Kibonge! Nilikuwa sijalala vizuri kwa neno hilo. Nilitaka wanione.

Nikamshika Mkongo mkono. "Leo wewe ndiye jicho."

"Sitaki."

"Hutacheza, wewe unatazama tu. Unatangulia ndani na mabegi. Nikitosha, sema tosha. Basi."

Akakunja uso. "Tosha nini?"

Aliniuliza hivyohivyo. Tosha nini. Kwa masikio yake lilikuwa swali la haki kabisa, utoe nini? Na mimi nilijua kwa nini anauliza. Lakini treni ilikuwa imeshaingia, milango inafunguka, nikamsukuma ndani. "Wewe sema tu, bwana!"

Alisimama palepale karibu na mlango, begi lake mgongoni, langu kifuani. Wale wakubwa walikuwa nyuma yake. Mmoja aliniona jukwaani, akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Nikatulia. Nikatazama juu, nikajifanya nasoma tangazo. Pi-pi-pi. Nilichelewa kwa makusudi. Nikatia mkono.

Kidoleni nilikuwa nimevaa pete yenye nakshi ya maua, ya kuchezea tu, niliyoinunua sokoni Stratford, na mama alikuwa ameshaniambia niivue nikienda shule. Wakubwa husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilipunguziwa, nilivunjika kidole.

Alipiga kelele. "Tosha! Tosha!"

Nikasukuma bega.

Hapakuwa na nafasi. Mlango ulinibana juu kidogo ya kiganja, mkono uko ndani, mimi niko nje. Nikauvuta. Ukarudi kidogo, ukanasa kwenye pete. Niliona kupitia kioo jinsi yule msichana alivyotupa mabegi chini na kuingiza vidole vyake mwenyewe katikati ya ile mipira ya mlango, anavuta, mdomo umefunguka, analia. Wale watatu walikuwa wamerudi nyuma. Treni ikashtuka, ikaanza kwenda. Nikapiga hatua mbili, tatu, pamoja nayo. Mtu mmoja ndani akavuta mpini wa hatari, treni ikasimama kwa kishindo, na mimi nikaanguka chali jukwaani na mkono wangu uko huru. Pete haikuwepo. Kidole kilikuwepo, ila msiniulize kilikuwaje. Hospitali walikiangalia saa nzima, kisha wakamwambia mama kwamba hakifai kubaki.

Mama alifika amevaa sare yake ya kazini, bado ana glavu za plastiki mfukoni. Alilia kwanza, ndipo akaanza kufoka. Namjua mama, hasira yake ni lazima imwangukie mtu, na pale chumbani nilikuwepo mimi peke yangu.

"Nani alikwambia utie mkono?"

Nikageukia ukuta.

"Nakuuliza! Ulikuwa na nani?"

Nikamtaja yule msichana.

"Akakwambia nini?"

"Alisema tosha."

Mama akanyooka. "Alikwambia watosha? Alikuona mlango unafunga, akakwambia watosha, ingia?"

Hapa ndipo nilipopotoka. Kitu kilichotakiwa kilikuwa kidogo sana, kusema, "Hapana mama, kwao tosha ni toa." Maneno matano, sita. Lakini ningesema hivyo, ile hasira ingegeuka na kunirudia mimi, pamoja na pete, na mchezo wenyewe, na miezi yote ya kuning'inia kwenye vyuma. Nilikuwa na maumivu, niliogopa, nilikuwa na miaka kumi na minne. Haya yote ni kweli na hakuna hata moja linalonisaidia.

"Ndiyo," nikasema.

Baada ya wiki mbili tuliitwa shule. Chumba cha mwalimu mkuu, meza ndefu, mama na mimi upande huu, mkono wangu umefungwa bandeji kubwa kama mkate. Upande ule yule mama wa Bukavu na binti yake, wamevaa nguo za kanisani. Katikati, juu ya meza, palikuwa na simu, na ndani ya simu mkalimani wa Kiswahili, sauti ya mwanamume, safi, ya mtu wa kwetu. Nilipoisikia tu nilijua mambo yameshawaharibikia.

Msichana alijaribu Kiingereza chake, kikamkwama. Aligeukia Kiswahili, akaanza kulia, hakueleweka kitu. Basi mama yake akashika ukingo wa meza, akaisogelea ile simu, akasema polepole, kwa heshima, kama mtu anayesali: "Mutoto yangu alimuambia atoshe mukono. Mulango ilikuwa inafunga. Alimuambia, tosha mukono."

Yule bwana akayatafsiri kwa Kiingereza kizuri kabisa, kwamba mlango ulikuwa unafunga na mtoto wake akamwambia mwenzake kuwa mkono unatosha.

Mwalimu mkuu akaandika. Nilitazama kalamu yake inavyokwenda.

"Mnasikia?" mama yangu akasema. "Amekiri mwenyewe!"

Yule mama wa Bukavu hakuwa anajua Kiingereza cha kutosha kujua kilichotokea. Aliona tu nyuso zinabadilika. Akanigeukia mimi. Kati ya watu wote mle ndani, mimi ndiye niliyejua maneno yake yameingia vipi kwenye simu na yametoka vipi, na yeye alijua kwamba najua, maana ni yeye aliyenifundisha kwa mkono wake, kiatu kwa kiatu. "Mutoto yangu," akaniita, kama alivyokuwa akiniita mlangoni kwake. "Uwaambie."

Nikatazama bandeji yangu. Mama akajibu kwa niaba yangu. "Usimsemeshe mwanangu."

Msichana alitolewa shule. Walimpeleka kwenye kituo kimoja cha watoto watundu, wanakopigana mchana kutwa na kuambiwa ni masomo. Iliandikwa kwamba alimchochea mwenzake akaumia. Iliandikwa. Yule wa Mombasa alipopona mafua yake aliniuliza mara moja tu kama ni kweli, nikamwambia ni kweli, akasema, "Loh, hawa Wakongo," na sikusikia kitu kingine kutoka kwake juu ya habari hiyo.

Msichana wa Kikongo alikuja kwetu mara moja, jioni mapema, mama hajarudi. Nilifungua mlango nikadhani ni jirani. Alikuwa amekonda. Hakuingia, na mimi sikumkaribisha.

"Ulisikia," akaniambia. "Nilisema mukono. Tosha mukono. Ulisikia mukono."

Sasa nisikilizeni, maana nimewadanganya hata ninyi. Juu huko nimeandika kwamba alipiga kelele, "Tosha! Tosha!" Sivyo alivyosema, au sivyo tu. Alisema, "Tosha! Tosha mukono!" Kengele ya mlango haikulimeza lile neno la pili. Nililisikia mukono lote, na ule u wake wa Kikongo ambao mama yangu aliucheka. Nilielewa palepale kwamba ananiambia niutoe. Nilikuwa na muda, si mwingi, lakini ulitosha. Kisha nikamwona yule mkubwa mwenye nyusi anaanza kutabasamu, nikasukuma bega.

Kwa hiyo hapakuwa na kosa la lugha. Kosa la lugha nililitengeneza baadaye, kitandani hospitali, kwa neno moja la ndiyo, na mkalimani wa watu akanisaidia bila kujua.

Na pale mlangoni nilimjibu nini? Nilimjibu kwa Kiingereza. Nilimwambia sielewi anachosema. Yeye aliyenifanya mdomo wake, nilimfungia mdomo. Akanitazama kidogo, akashuka kwa ngazi, maana lifti siku hiyo haikujisikia. Muda si mrefu walihamishwa, watu wanaongoja makaratasi huhamishwa kama makabati, na chumba chao wakapewa wengine.

Mama yangu amefariki akiamini binti yake aliumizwa na Mkongo. Sikumwambia. Niliona atafoka.

Mimi nimekuwa mkalimani. Chekeni, mimi mwenyewe nilicheka. Nafanya hospitali na kliniki, Kiswahili na Kiingereza, na kati yetu mimi ndiye ninayeitwa kwa Wakongo, kwa sababu nasifiwa kwamba natofautisha. Mkongo akisema, "Mume wangu anatumika," wenzangu wa pwani huandika kwamba mume wake anatumiwa na watu. Mimi najua kwamba ana kazi. Wananishukuru sana. Kazi yetu ina sheria: tafsiri yote yaliyosemwa, usipunguze, usiongeze, usizungumze na mgonjwa mambo yako. Ukilazimika kujisemea, usiseme "mimi", sema "mkalimani". Nazipenda sheria hizo. Mtu anaweza kukaa ndani yake maisha yote asiulizwe kitu. Mkono wangu wa kulia nauweka mfukoni mwa koti, ni mazoea.

Mwaka huu, asubuhi moja, niliitwa kliniki ya macho. Mgonjwa alikuwa ameshaketi. Mwanamke mzee, amepungua mwili, kitenge kichwani, miwani mizito. Sikumjua mpaka aliposema, "Aksanti," kwa ile sauti ya chini. Sheria inasema ukimfahamu mgonjwa ujitoe. Nikaketi.

Yeye hakuniona vizuri, ndicho kilichomleta. Daktari, msichana mdogo mpole, aliuliza nani atamtia dawa ya matone nyumbani. Nikatafsiri, macho sakafuni.

"Niko peke yangu," akasema. "Mutoto yangu eko mbali, anatumika mu stoo. Anabeba mizigo. Masomo yake ilikufa, juu ya mambo ya shule. Alikuwa anajua sana hesabu."

Nikatafsiri yote. Sikupunguza. Kwamba binti yake anafanya kazi ya kubeba mizigo ghalani, kwamba masomo yake yalikufa, kwamba alijua sana hesabu. Daktari akasema inasikitisha, akaandika mambo ya matone. Kisha akasema amtazame macho, avue miwani.

Ningesema, "Vua miwani, mama," angeelewa. Lakini mimi ndiye ninayetofautisha. Mdomo ulijiendea wenyewe. "Tosha miwani, mama."

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye miwani. Ukasimama. Hakuivua. Aliisukuma vizuri puani, akanigeukia, akanitazama kwa muda mrefu, uso, kisha chini, kwenye mfuko wa koti.

"Hiyo sauti ni ya Tanga," akasema.

Sheria ilinikataza kumjibu. Nikashukuru sheria.

"Tosha mukono," akasema.

Safari hii niliutoa. Niliuweka juu ya goti langu, pale anapoweza kuona, na pengo lake. Aliuinamia karibu sana, kwa yale macho yake mabovu, akaviangalia vidole kimoja kimoja. Nilikuwa tayari kwa matusi. Nilikuwa tayari hata kwa pole, Mungu anisamehe, nafikiri niliitaka. Akajirudisha kwenye kiti, akapanga mikono yake mapajani.

"Uwaambie nataka mukalimani mungine."

Nikatafsiri. Daktari akashangaa, akauliza kama kuna tatizo. Nikatafsiri.

"Uwaambie, huyu alisikia."

Tafsiri yote, usipunguze, usiongeze. Nikalisema kwa Kiingereza, neno kwa neno, na sauti yangu ikatoka safi, ya kazini.

Daktari alinitazama mimi, akamtazama yeye, akarudi kwangu. "Samahani. Nani alisikia?"

"Mkalimani," nikasema. "Mkalimani ndiye aliyesikia."